Uyoga wa Dorkasi

Daktari alipotamka neno uyoga, Dorkasi alikuwa amesimama miguuni pa kitanda na bakuli la uji mkononi, na uji wenyewe ulikuwa umeshapoa kwa kukataliwa. Kichwani pa kitanda alikaa Bi Mwanasiti, mavyaa wake, akimpepea mwanawe kwa kipepeo cha ukindu. Katikati yao alilala Uweso, mume wa mmoja na mwana wa pekee wa mwingine, ambaye siku hizo hakuwa na nguvu ya kuwa chochote kwa mtu yeyote.

"Sasa tumejua," daktari alisema. "Si kifua kikuu. Si ukoma. Ni uyoga. Uyoga umeingia mapafu, umeingia bandama, na hivi vidonda vya mdomo ni uyoga. Uyoga umeenea mwili mzima."

Alikuwa Mwingereza wa makamo, mtu mwenye subira, na Kiswahili alikipata kitabuni kabla ya kukipata kwa watu. Maneno yake yalitoka safi, moja moja, na wodi nzima iliyasikia.

Bi Mwanasiti aliacha kupepea. Hakumtazama daktari, alimtazama mkwewe. Dorkasi alitaka kusema neno, neno lolote lile, lakini dakika ile yeye mwenyewe aliamini. Aliamini kwamba amemwua mumewe kwa mboga.

Mwaka ulikuwa wa hamsini na nane. Masika yalikuwa yamenyesha vizuri, na nyuma ya nyumba yao pale Tongoni kichuguu kimoja kiliota uyoga mweupe, mnene, wenye harufu nzuri. Kwao Dorkasi, milimani, chini kidogo ya Amani, uyoga wa namna ile hauachwi hata siku moja. Watoto hukimbizana kuuwahi, na mama mwenye uyoga jikoni hujiona tajiri wiki nzima. Basi akauchuma, akauosha, akaupika kwa tui zito, maana miaka miwili ya kuolewa pwani ilikuwa imemfundisha kutia nazi hata pasipostahili. Uweso alionja ili kumfurahisha mkewe. Kisha akala ili kujifurahisha mwenyewe. Mwisho akaikomba sufuria kwa kidole.

Hapo ndipo Bi Mwanasiti alipoingia. Kwake yeye uyoga haukuwa chakula. Mama yake hakuula, bibi yake hakuula, na ulioota mbele ya mlango wake aliupiga teke kabla ya kusema bismillahi.

"Mwala nini hicho?"

"Nyama isiyo na mfupa, mama," Uweso alimjibu akicheka. "Karibu."

"Nyama ya mashetani hiyo. Mie n'shasema. Tumbo likikukata usin'ite."

Tumbo halikumkata. Ila mwezi uliofuata homa ilimshika, na ilipomshika haikumwachia tena.

Lazima niseme Uweso alikuwa mtu wa namna gani, la sivyo utadhani alikuwa mmoja wa wale wanaozaliwa na kikohozi. Alikuwa na mabega ya mtu wa kubeba magunia, na magunia aliyabeba kweli. Alimaliza utoto wake bila kulazwa, na ujana wake bila kunywa dawa chungu. Watu wa Tongoni walikuwa wakimtania kwamba hata mbu humwogopa. Mwili ule ulikwisha mbele ya macho yao katika kipindi cha mvua kuisha na kusi kuvuma. Nyama iliyeyuka mifupani. Bandama ilivimba hadi ikaonekana chini ya mbavu akilala chali. Mdomoni alitoka vidonda vilivyomfanya alie machozi kwa kumeza mate, na kwenye paji la uso na mikononi zikamtoka nundu ngumu zilizopasuka juu. Kwanza hospitalini walisema malaria. Kisha wakasema kifua kikuu, wakamchoma sindano mpaka makalio yakawa magumu kama ubao. Zilipotoka nundu, wakanong'ona ukoma. Mwishowe daktari alikata kipande cha nundu moja akakipeleka kwa wenye darubini kubwa, na jibu lililorudi ndilo hilo alilolitafsiri mbele ya kitanda kwa uangalifu wote.

"Dawa yake unayo?" Bi Mwanasiti alimwuliza.

"Hapa, hapana."

"Alhamdulillahi umesema kweli," Bi Mwanasiti alisema, akaanza kukunja shuka.

Dawa ya mtu aliyelishwa haikai hospitalini, kila mtu pwani analijua hilo. Kabla ya adhuhuri kaka yake Bi Mwanasiti, Sadalla, alishafika na lori la kuazima, na Uweso akapandishwa juu ya godoro la makumbi. Daktari alisimama uani akiwaomba wamwache walau aendelee kumwangalia. Walimshukuru kwa adabu sana, wakaondoka na mgonjwa wao.

Nyumbani Dorkasi aligeuzwa mgeni. Jikoni hakuruhusiwa kuingia. Maji ya mgonjwa hakuruhusiwa kuyateka, wala kikombe chake kukiosha. Alibakiwa na kazi ya kufua nguo na kufagia ua, na hata ufagio Bi Mwanasiti aliutazama mara mbili kabla ya kumkabidhi. Hakupigwa wala kutukanwa. Majirani walimjibu salamu wakiangalia pembeni. Ingekuwa afadhali wamtukane, maana tusi hujibiwa.

Siku moja alipiga moyo konde. Alimfuata mavyaa wake kisimani akapiga goti kidogo, kama alivyolelewa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba."

"Mama, uyoga ule nami niliula. Sufuria ilikuwa moja. Mbona mimi sina kitu?"

"Weye umezaliwa nao," Bi Mwanasiti alisema bila kugeuka. "Tumbo lako la milimani. La mwanangu la pwani. Limezoea samaki na papai. Ulijua hayo ulipompikia?"

Dorkasi aliinuka akarudi uani akiwa amezidi kuamini. Usiseme alikuwa mjinga. Ukikaa siku nyingi katika nyumba ambayo kila jicho linakuambia jambo moja, mwisho utaliona nawe. Alikuwa akimwangalia Uweso kwa mbali, kupitia pazia la mlango, na kila alipomwona akikunja uso kwa kumeza mate, alijisikia kama yeye ndiye aliyemtia moto kinywani.

Mganga wao alikuwa Bwana Shehe, mtu mpole mwenye vidole vilivyopakaa zafarani. Kila siku aliandika aya kwenye sahani nyeupe, akaisafisha kwa marashi na maji, na kombe lile Uweso alilinywa kwa tabu, tone kwa tone. Halikuwa na ubaya. Wala halikuwa na wema ambao Dorkasi aliweza kuuona. Lakini Bi Mwanasiti aliona. Kila asubuhi alisema nundu moja imepungua, na kila asubuhi ilikuwa nundu nyingine.

Ndipo Dorkasi akaamua kurudi kwa daktari. Alitaka kujua jambo moja tu: kama uyoga ndio ulioingia, utatokaje? Kama kuna mti milimani, jani, gome, chochote cha kuuvunja nguvu, baba yake Methusela angekifuata hata kama kimeota jabalini. Alisema anakwenda mjini kununua sabuni, akapanda basi la asubuhi.

Daktari alimkuta amekaa kwenye baraza ya hospitali, akamtambua, akamwita ndani. Dorkasi alimweleza yote bila kupumzika: kichuguu, tui, sufuria, teke la mavyaa. Daktari alimsikiliza hadi mwisho, na kadiri alivyosikiliza uso wake ulizidi kuwa mwekundu.

"Uyoga wa kula?" aliuliza. "Wa kupika?"

"Ndio, daktari. Wewe ulisema."

Daktari aliinuka, akafungua kabati, akatoa mkoba wa ngozi wa zamani. Unyevu wa Tanga ulikuwa umeuvalisha manyoya ya kijivu na kijani. "Kitu kama hiki," alisema. "Kidogo kuliko hiki. Hakionekani kwa macho."

"Huo si uyoga," Dorkasi alisema. "Huo ni ukungu."

"Ukungu ni ule wa milimani. Asubuhi. Unaofunika njia."

"Jina moja, daktari. Huo nao ni ukungu."

Daktari alikaa. Alifungua kitabu chake cha maneno, akatazama, akakifunga. "Kwetu neno ni moja kwa yote," alisema. "Nilichagua vibaya. Nisamehe, mama."

Dorkasi hakujua la kufanya na msamaha wa Mzungu, akaupokea kwa kuinamisha kichwa. Kisha daktari alimwuliza kazi za Uweso kabla ya kuugua. Alikuwa shambani? Alifuga kuku? Aliwahi kuingia katika pango?

Pango, ndio. Aliingia, na si siku moja. Kiangazi kizima kabla ya masika Uweso alikuwa kibarua wa mjomba wake Sadalla, mnyapara wa watu waliochimba mavi ya popo katika pango la mawe ya chokaa, yakawa mbolea ya vitalu vya shamba moja la mkonge njia ya Pongwe. Alikuwa akirudi jioni uso wa kijivu, kope za kijivu, akipenga makamasi meusi, na Dorkasi akimtania kwamba ameolewa na popo. Wote waliochimba walikohoa juma zima. Wote walipona, naye alionekana kupona.

"Ndio hapo," daktari alisema. "Ukungu huu unaishi katika mavi ya popo. Vumbi likiruka, mtu anauvuta. Karibu watu wote wanakohoa, kisha basi. Mmoja, mmoja tu kati ya watu wengi mno, ukungu haumwachi. Unaingia damu. Unaenea."

"Kwa nini yeye?"

"Sijui. Mtu dhaifu, mtu mwenye ugonjwa mwingine, ningeelewa. Mumeo nimempima, mwili wake ulikuwa mzima kuliko wangu. Sijui kwa nini yeye."

Dorkasi alishika ukingo wa kiti. Kitu kilichokuwa kimemkalia kifuani tangu siku ile ya wodini kilimtoka, na alilia kwa furaha, Mungu amsamehe, alilia kwa furaha mume wake akiwa anakufa, kwa sababu si yeye. Si mkono wake. Si sufuria yake. Alijifuta kwa pembe ya kanga kisha akauliza swali lililomleta.

"Na dawa?"

"Amerika wamepata dawa mpya. Nimeiomba Dar es Salaam, hawana. Nimeomba Uingereza. Ikija, itakuja baada ya miezi."

"Uweso ana miezi?"

Daktari alimtazama. Angeweza kujificha nyuma ya Kiswahili chake kibovu, lakini hakujificha. "Hana," alisema.

Ndani ya basi la kurudi Tongoni, furaha ile ilikwisha kabla hawajatoka mjini, na mahali pake pakaingia hasira. Nani alimtia Uweso pangoni? Dorkasi alikumbuka vizuri, maana lilikuwa jambo la ugomvi. Mwaka uliotangulia Methusela aliwapa kipande cha ardhi kule milimani, na Uweso alikubali kuhamia, wakalime shamba lao la mihogo na migomba. Bi Mwanasiti alilia siku tatu. Mwanawe wa pekee, aende akaishi na watu wa baridi, aswali na nani, azikwe na nani? Akaenda kwa kaka yake kwa miguu, akamsihi amtafutie Uweso kazi ya kumshika pwani. Kazi ikapatikana. Uweso hakuhama.

Basi Dorkasi alipanga maneno yake. Aliyapanga kituo hadi kituo, akayafupisha, akayanoa. Si mimi, mama. Ni kazi uliyomtafutia. Si jiko langu lililomwua, ni mapenzi yako. Na siku zilizobaki nitakaa mimi kichwani pake, nitamlisha mimi, wewe utakaa miguuni. Alitaka kuona ule uso ukibadilika. Nisimsafishe kuliko alivyokuwa: alitaka sana.

Alipoingia ndani alimkuta Uweso amekaa. Ilikuwa mara ya kwanza katika wiki nyingi. Ameegemezwa ukutani kwa mito, midomo yake ya manjano kwa zafarani, na Bi Mwanasiti amepiga magoti mbele yake, sahani ya kombe mikononi. Nywele za bibi yule zilikuwa zimetoka nje ya ushungi na hakuzijali. Hakuwa amelala, ungemjua kwa macho. Lakini macho hayo yalikuwa yanang'aa.

"Kalimaliza," alimwambia Dorkasi, akasahau kwamba hawasemezani. "Lote. Kalimaliza lote, hakulitema."

Uweso alitabasamu upande mmoja, upande usio na kidonda. "Linaanza kunikubali," alisema kwa sauti ya mwanzi uliopasuka.

Bi Mwanasiti aliiweka sahani chini akakaa kitako sakafuni, amechoka, na maneno yakamtoka kama mtu anayejisemea. "Ingekuwa maradhi ya Mungu n'ngekata tamaa. Maradhi ya Mungu huna pa kuyashika. Lakini hichi ni kitu kiliwacho. Kimeingia kwa mdomo, kitatoka. Bwana Shehe kasema kitatoka." Alimtazama mkwewe, na alipoendelea hakukuwa na shari katika sauti yake. "Nashukuru n'lisimama imara asende kwenu. N'lilia, mkaniona mwendawazimu. Lau angehamia huko, angeula huo uyoga kila siku, angekuwa kaburini saa hizi. Kazi ile ya kaka ndio iliyomwokoa. Katika yote n'liyomfanyia mwanangu, hilo moja nalijua n'lilifanya sawa."

Dorkasi alikuwa na maneno yake kinywani, yote, kwa mpangilio wake. Akayaona yatakapopita. Yangempenya bibi yule yakamwacha hai, na hilo ndilo lililomtisha. Angeishi nayo miaka ishirini, angeamka nayo alfajiri. Na Uweso, aliyekwisha kumeza sahani nzima kwa sababu anaamini itamponya, kesho asingemeza hata maji. Ukweli ule ungemsafisha Dorkasi peke yake, na usingempa mtu yeyote nafuu ya kijiko kimoja. Alimchukia Bi Mwanasiti bado. Alimhurumia pia, na aliona uchungu kwamba huruma ndiyo inayoshinda.

"Ulikwenda kwa daktari," Uweso alisema. "Sabuni haiko mkononi. Kasemaje?"

Bi Mwanasiti aliinua kichwa. Wote wawili wakamngoja, macho yale yale kwenye nyuso mbili.

"Kasema ni uyoga," Dorkasi alijibu.

"Uyoga upi?"

"Ule niliopika mimi. Nilichuma vibaya. Nisamehe, mama. Nisamehe, Uweso."

Hapo Bi Mwanasiti alishusha pumzi ndefu. Haikuwa pumzi ya ushindi. Ilikuwa ya mtu aliyetuliwa mzigo na hakujua jinsi ulivyokuwa mzito. Aliinuka, akamsogelea mkwewe, na kwa mara ya kwanza tangu hospitalini akamgusa, kiganja begani.

"Umesema kweli, na Mungu atakusamehe," alisema. "Mie nami n'takusamehe, taratibu. Lakini humu ndani usikae. Bwana Shehe kashasema, kombe halishiki maadam aliyelisha yumo nyumbani. Nenda kwa baba'ako milimani. Ukae huko mpaka apone."

Mpaka apone. Dorkasi alikuwa hajalitegemea hilo. Alikuwa amefikiria macho ya majirani, ufagio, miaka ya kuitwa muuaji, na vyote hivyo alishavikubali. Hakufikiria kwamba atatolewa mlangoni. Neno la kujiokoa lilikuwa bado karibu, hata sauti kubwa lisingehitaji. Daktari kasema ni pango. Angelisema angekaa, angemlaza Uweso mapajani siku zote zilizobaki, na angemshika mkono ile saa yenyewe.

"Sikia maneno ya mama," Uweso alisema polepole. "Si siku nyingi. Nikipata nguvu ya miguu nitakufuata mwenyewe. Nitaupanda mlima ule hadi kwa mzee Methusela, uone."

"Nitakungoja," Dorkasi alisema.

Aliingia chumbani kufunga nguo zake, akatoka na kifurushi kimoja tu, kwa sababu hakuweza kuamua kipi cha Uweso achukue na kipi aache, akaishia kutochukua chochote. Bi Mwanasiti alimsindikiza hadi barabarani, akamhimiza atembee upesi. Basi la mwisho la Tanga lilikuwa karibu kupita, naye alitaka kurudi ndani kumgeuza mwanawe upande wa pili.